Rupia Moja

Niliitangaza mashine ya kusagia,
ile ya jiwe, ya mchele na choroko.
Picha nne; mojawapo imeingia kivuli changu.
Nikaandika: inafanya kazi, mkanda mpya,
elfu nne na mia tano, maelewano yapo.
Iliyochoka ni mikono yangu, si mota.

Chai haijapoa, ukapiga.
Kapteni Devraj, ulisema, wa jeshi,
umehamishiwa kambi ya Kochi
na wanao wanalilia dosa.
Kitamili chako kilichechemea.
Nikajisemea, ndio watu wa kaskazini hao,
na askari hupewa bunduki, hapewi kamusi.
Ukaniita Amma.
Hukuomba nipunguze hata senti.
Hapo ndipo ningeshtuka:
katika Coimbatore nzima, tangu nizaliwe,
sijamwona mtu anayenunua bila kuvutana bei.

Ukatuma kitambulisho chenye mihuri mitatu.
Ukatuma rupia moja, "ya kujaribu njia."
Ting! Ikaingia.
Kwa rupia moja, Kapteni,
muuza mboga hakupi hata kitunguu.
Wewe ulininunua mimi.

Kisha ile picha ya miraba,
nyeusi kwa nyeupe, kama nakshi ya unga
tunayochora kizingitini alfajiri,
ila hii kaichora mtu mwenye haraka.
"Iskani, Amma, weka namba ya siri, pesa ziingie."
Nikaweka.
Elfu nne na mia tano zikatoka.
"Pole, Amma, mtandao. Rudia, zitarudi zote."
Nikarudia.
Mara ya tatu nilikuwa nimesimama,
kiganja ukutani,
nawe ukinihesabia tarakimu polepole,
kwa upole ambao sijausikia humu ndani
tangu Palaniappan afariki.

Elfu kumi na nane, kasoro moja.

Benki, kijana Ilango alinieleza huku akitazama kibodi:
"Kupokea hakuhitaji namba ya siri, mama."
Alisema kama mtu asemaye maji huteremka.
Kweli. Anayekuletea zawadi
haombi ufunguo wa kabati.
Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma, nilijua,
kama ninavyojua kwamba mafuta ya moto huunguza,
na tazama mikono yangu ina makovu mangapi.

Polisi waliipiga namba yako mbele yangu. Imezimwa.
Kayalvizhi alipiga kutoka Hosur,
akanigombeza, akalia,
akanigombeza tena kwa kumliza.
Sikumwambia lile la jiwe.

Maana uliuliza, unakumbuka?
"Amma, jiwe linaoshwaje?"
Nami nikakueleza, dakika saba nzima:
maji ya uvuguvugu, sabuni usiguse,
mchele uloweke saa nne,
choroko peke yake, na uwatu punje chache,
usisage mchana wa joto, unga huchachuka.
Muda wote huo ulikuwa ukingoja nini?
Tayari nilikwisha kukuamini.
Labda ulikuwa na mwingine kwenye laini ya pili.
Labda, Mungu anisamehe,
ulikuwa unasikiliza.

Jana amepiga mwanamume mwingine, sauti ya kukwaruza.
Nikamuuliza kazi yake, mtaa wake,
jina la baba yake, basi gani hupita kwake.
Akanyamaza. "Samahani, mama,
mimi nilitaka mashine tu." Akakata.
Pengine naye alikuwa mwizi.
Lakini aliomba nimpunguzie mia tano.

Leo nimeloweka mchele.
Mkanda unalia kidogo, jiwe linazunguka,
unga umekuwa mwingi kuliko mlaji.

Rupia yako bado imo kwenye akaunti.
Nimemuuliza Ilango kama kuna njia
ya kukurudishia.
Amecheka,
kisha akaona sicheki.