Mpendwa Msikilizaji

Miaka arobaini na mbili Bi Thuwaiba
aliitwa "mpendwa msikilizaji"
na watu wasiomjua kwa jina wala kwa sura.
Redio juu ya friji, jikoni, mjini Ibra,
imevishwa kitambaa cha kufuma kama mtoto wa Idi,
na yeye chini, anachambua mchele,
anaibishia.
"Uongo! Bei ya karafuu haikuwa hiyo."
"Wewe kijana, neno hilo halitamkwi hivyo,
Unguja tungekucheka wiki nzima."
Mtangazaji akaendelea. Akasoma hali ya hewa
ya miji asikokuwa na jamaa hata mmoja,
akaaga, akaenda zake.
Maneno ya Bi Thuwaiba yakabaki jikoni,
yakatoka dirishani na moshi wa vitunguu.
Nayajua haya. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kugeuza antena.

Simu aliletewa na Mundhir, mjukuu wake,
kuukuu, kioo kina ufa pembeni.
Wiki mbili alipiga picha kidole chake tu:
dole gumba, jekundu, jua likipenya nyuma yake.
Ndiyo filamu yake ya kwanza. Ninayo bado.

Kisha mvua ya mwezi wa nne.
Ilikuwa Jumatano, soko la wanawake limejaa,
wanja, udi, suruali zilizotariziwa miguuni,
mara milima ikanguruma
na wadi, ambayo mwaka mzima ni njia ya mbuzi na pikapu,
ikashuka.
Wengine walikimbia. Yeye alipanda ngazi ya paa,
magoti yote mawili yakimlaani,
akanyoosha mkono:
"Jamani, tazameni! Wadi imeshuka!
Lile pale tangi la kina Rayya, linakwenda zake jangwani bila kuaga.
Nyie wa ng'ambo, msivuke! Wewe wa gari jeupe,
mamako alikuzaa mara moja tu, rudi nyuma!"

Gari jeupe likarudi nyuma.
Sijui kama lilimsikia. Yeye anasema lilimsikia.

Kufika isha sauti yake imeshatua Wete,
imeshatua Kariakoo, na Deira kwa wale wa maduka ya simu.
Mtu mmoja Toronto akauliza:
"Huyu si Thuwaiba wa Mkunazini?
Tulisoma chuoni pamoja. Alikuwa mkali vilevile."

Usiku televisheni ikaionyesha.
Tulikusanyika sote, hata jirani asiyejua Kiswahili.
Maji yaleyale, tangi lilelile,
mtetemo uleule wa mkono wenye kisukari,
lakini sauti hamna.
Wamemwekea vinanda.
Na chini, kwa herufi za sisimizi: *imepigwa na mtazamaji*.

"Mtazamaji," akasema Bi Thuwaiba.
Akalizungusha neno mdomoni
kama mtu anayetafuta mwiba wa samaki kwa ulimi.
"Wamechukua macho yangu, ulimi wameniachia.
Basi vizuri. Ulimi ndio nilioutaka."

Asubuhi hakuwasha redio.
Aliivua kitambaa, akaishusha mezani,
akaiegemezea simu.
Inafaa; ina kimo hasa cha uso wa mtu aliyekaa.
Sasa anatoa bei za Jumatano, nani kaposa, nani kafariki,
namna ya kutoboa ndimu kavu zisitie mchuzi uchungu.
Siku moja alikosea jina la marehemu.
Watu mia tatu wakamsahihisha, mmoja kwa matusi.
Alikaa kimya, jicho kwenye ule ufa.
"Kumbe ndivyo ambavyo angesikia yule kijana," akasema,
"lau angenisikia."
Akaomba radhi, akamtaja marehemu kwa majina yake matatu.

Tangu hapo, kabla ya lolote,
hukohoa, huweka sawa ushungi,
na husalimu hivi:
"Wapendwa wasemaji."
Kisha hungoja kidogo,
maana anajua, mahali fulani, juu ya ungo wa mchele,
kuna mtu anambishia.