Digrii Themanini na Saba

Kitabu kinasema mia moja.
Kipimajoto kinasema themanini na saba, kimegoma hapo,
na Limbert, wa dawati la nyuma, anacheka:
"Mwalimu Tarqui, hata kifaa chako kimechoka kupanda mlima."

Ni Juni, El Alto, saa mbili asubuhi.
Vioo vya maabara vimeota manyoya ya barafu kwa ndani.
Wanafunzi thelathini na wanne, makoti hadi shingoni,
kila pumzi inaonekana.
Somo lilianza kabla sijafungua kinywa.

Nilikuja na sufuria ya nyumbani, imebonyea ubavuni,
jiko la gesi la kuazima kwa mpishi wa shule,
na donge la barafu nililolibandua alfajiri kwenye ndoo uani,
nikalipondaponda kwa nyundo.
Tukaandika kila nusu dakika.
Hasi nne. Hasi mbili. Sifuri.
Sifuri.
Sifuri.
Moto unawaka, barafu inapungua,
sifuri.

"Joto linakwenda wapi?" nikauliza.
Swali hili nimeliuliza miaka kumi na tisa
na jibu la kitabuni nalijua: joto fiche.
Lakini jina si jibu. Ukimtaja mwizi kwa jina lake
hujasema bado alipitia dirisha gani.

Wara Chuquimia hakuwa amesema neno darasani tangu Februari.
Huamka saa tisa za usiku; yeye na mamake huuza api,
uji wa zambarau wa mahindi, kwa madereva wa malori.
Akainua mkono nusu, kama mtu anayetafuta sababu ya kuushusha.

"Linafungua mafundo," akasema.
"Barafu imeshikana. Joto lina kazi ya kufungua,
halina nafasi ya kupanda.
Kama mama akihesabu madeni:
uso wake haubadiliki hata kidogo,
lakini usimguse."

Hakuna aliyecheka. Hata Limbert.
Nikayaandika maneno yake ubaoni, juu ya yangu.

Maji yakimwagika hayazoleki:
methali hiyo ilizaliwa kwenye nchi za joto.
Huku, ndoo ikipinduka usiku wa Juni,
asubuhi unayainua maji yako kwa mikono miwili
kama kioo cha dirisha,
unayarudisha jikoni, unakunywa chai.
Na viazi tunavitandaza nje vigande,
tunavikamua kwa nyayo, tunaviachia jua,
vinabaki vyeusi, vyepesi, vya kumngoja mjukuu.
Watoto hawa wamekanyaga fizikia kwa miguu mitupu
tangu hawajajua kusoma.
Mimi nawaletea majina tu.

Sifuri ilipoachia, mstari ukapanda mbio,
kumi, arobaini, sabini,
hadi themanini na saba, ukalala tena,
sufuria ikitokota na kunguruma.
Nikawaambia: hewa huku ni nyembamba,
haiyakalii maji kifuani.
Yanaondoka mapema, kabla moto haujayakomaza.
Ndiyo maana maharage ya nyumbani kwenu
yanakula nusu siku na bado yanagonga meno.
Kitabu kiliandikwa usawa wa bahari,
na bahari, wengi wenu, mmeiona ukutani kwenye ramani.

Gesi ikaisha dakika ya thelathini na moja.
Mstari wetu ukabaki tambarare, hauna mwisho.

Limbert akainuka, safari hii hana kicheko.
"Mtihani wa taifa ukiuliza,
niandike mia au themanini na saba?"

"Andika ulichokiona," nikasema,
"kisha andika ulikuwa umesimama wapi."

Akanitazama kwa muda.
"Na maksi?"

Hapo sikuwa na jibu. Kengele ikalia,
viti vikaburuzwa, mvuke wa vinywa ukatoka nao mlangoni.
Wara akabaki nyuma.
Akaizingira sufuria kwa viganja vyote viwili,
karibu, bila kuigusa,
akasimama hivyo, macho kafumba,
na sufuria ikawa inapoa.