Mpaka Amina

Mbwa wetu aliletwa kutoka Kiwira
ndani ya kikapu cha maparachichi.
Baba akamwita Watasema,
kwa ajili ya jirani mmoja ambaye simtaji.
Akakua na tumbo lisilo na mlango.
Sahani ikitua mkekani, pua yake imeshatangulia.
Siku ya posa ya dada Subilaga
alipita katikati ya wazee na paja la kuku mdomoni,
mshenga akauliza,
"Na huyu, ni wa upande gani?"

Mama akasema basi.
Akachora mstari wa mkaa kizingitini mwa jiko:
huku watu, kule mbwa.
"Samaki mkunje angali mbichi," akatuambia,
na Watasema, aliposikia samaki,
akauvuka mstari.

Tukaanza. Jioni kwa jioni, mvua ya Tukuyu
ikipiga bati kama mtu anayemwaga maharage,
"Kaa." Anakaa.
"Ngoja." Anangoja
kadiri ya kumeza mate mara moja,
kisha tumbo linatambaa, shubiri, na shubiri nyingine,
mkia ukibaki nje kushuhudia kwamba hajaingia.
Fimbo mama aliikataa.
"Ukimpiga ataiogopa fimbo. Mimi nataka aheshimu chakula."

Ila mmoja akifunza, watatu wanabomoa.
Lusajo, miaka sita, aliangusha matonge kusudi
na kuiomba sakafu radhi.
Ambokile alirusha mifupa kama anayepanda mahindi.
Baba, aliyeapa kwamba mbwa hafundishiki,
alikuwa na mkono mmoja usioonekana wakati wa kula,
na kiganja kilirudi kimelowa.
Mama aliona.
Akachora mstari wa pili, wa baba.

Kilichomfunza hasa ni sala.
Nyumbani kwetu mkono haugusi sahani kabla ya Amina,
basi na bakuli lake la bati likawekwa mbele ya pua,
halisogei, hasogei,
Amina, ndipo ulimi.
Wiki ya tatu akajua.
Wiki ya nne akawa anatukagua sisi
kama mzee wa kanisa anayehesabu sadaka.

Akaja mwinjilisti Mwakalukwa, mtu wa sala ndefu.
Alianza na mvua, akapanda kwa viongozi,
akashuka kwa wajane, kwa wasafiri, kwa bei ya chai.
Mama, moyo ukiwa umemjaa, akaitikia katikati, "Amina!"
Watasema alikula, akalamba bakuli, akalala,
mwinjilisti angali Misri, bahari haijapasuliwa.
Tulicheka ndani ya pua mpaka mabega yakatikisika.
Mwinjilisti akadhani Roho ameshuka.

Mwezi wa saba, baridi ya kuuma meno,
mama akalazwa Igogwe.
Usiku wa kwanza Subilaga alisonga ugali wenye mabuje.
Tukala bila kutazamana,
kila mmoja akidhani mwenzake ameshaomba kimoyomoyo.
Tulikuwa tunasimama kunawa
Lusajo aliposema,
"Watasema hajala."

Alikuwa pale, nyuma ya mstari
uliokwisha kufutwa na nyayo zetu wenyewe.
Bakuli limejaa, mchuzi umefanya utando,
uzi wa mate unaning'inia hadi sakafuni.
Macho yake yalipita kwa kila mmoja wetu,
yakasimama kidogo kwenye kigoda kitupu,
yakaanza upya.

Baba alikohoa.
Akavua kofia ambayo ndani ya nyumba hakuwahi kuivua.
Tukaketi tena, mikono ikichuruzika maji.
Sala yake ilikuwa fupi, ina mabuje kama ule ugali.
Jina la mama lilimkwama mara mbili,
na mwisho wake hakuufikia.

Tukamfikishia, hata Ambokile,
sauti zetu hazikulingana,
na kule kizingitini
tukasikia bati likianza kusogea juu ya sakafu.