Namba Moja kwa Penseli

Fedha ni za kilomita mbili na robo.
Barabara zinazoomba ni kumi na moja.
Nimepewa wiki moja, gurudumu la kupimia,
koti la mvua lenye chapa ya mkandarasi aliyefilisika,
na fomu yenye safu ya kujaza: magari kwa siku.

Jumatatu nilikaa Mwanjelwa, nyuma ya soko,
nikichora vijiti vitano-vitano kama mtoto wa darasa la kwanza:
fuso za viazi, bajaji, guta la parachichi,
kirikuu cha mchele wa Kyela kilichozama hadi ekseli,
dereva akitukana kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini,
maana alikuwa amempakia mchungaji.
Elfu moja mia nne na sita hadi jua kuzama.
Nikasema: hii haina mjadala.

Jumanne, Ilemi. Bwana Ambakisye, mwenye gesti mpya,
alinikaribisha chai ya maziwa
akanionyesha shimo la mlangoni pake
kama mtu anayeonyesha mtoto aliyefaulu.
"Diwani analijua," akasema.
Nilipima: kina, sentimita kumi na mbili. Shimo la kawaida.
Chai ilikuwa nzuri.

Jumatano ukungu ulishuka kutoka Loleza, ukakalia mabati.
Nilipanda Iganzo, gurudumu likinirudisha nyuma.
Alfajiri hadi magharibi: gari, hakuna.
Pikipiki tatu, moja ikisukumwa.
Nikaandika 3, na kalamu ikasita,
kwa sababu wapitaji nilikuwa nimewaona:
Tumpe na ndoo ya viazi kichwani, viatu mkononi,
watoto wa shule wameshikana sweta kama mabehewa,
kisha toroli,
na ndani ya toroli, juu ya godoro lililokunjwa,
mwanamke mwenye uchungu ameng'ang'ania kingo,
mume na shemeji wakifunga breki kwa visigino.

Fomu haina safu ya toroli.

Barabara iliyokufa haipitiwi na gari,
isiyopitiwa haina idadi,
isiyo na idadi haitengenezwi.
Kumbe miaka yote hii tunampakulia aliyeshiba
kwa kuwa ndiye tunayemsikia akibeua.

Alhamisi ilinyesha. Nikaacha kupima, nikafuata maji.
Maji hayana diwani, hayajui mpaka wa kata.
Yalianzia Iganzo, penye mtaro ulioziba kwa mifuko na mchanga,
yakaparamia barabara, yakakomba moramu,
yakateremka nayo, mekundu, bila haraka,
na nilipoinua macho nilikuwa Mwanjelwa, nyuma ya soko,
maji yanajilaza ndani ya shimo lile lile
la elfu moja mia nne na sita.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tuliambiwa.
Hatukuambiwa la kufanya
nyufa zikiwa kumi na moja na saruji mfuko mmoja.

Ijumaa, kikao. Bi Lugano akavaa miwani.
Namba moja nimeiandika kwa penseli:
Iganzo. Mtaro kwanza, kalvati, moramu ya kushindilia;
lami isubiri.
Namba mbili Mwanjelwa, upande wa mizigo tu.
"Magari matatu," akasoma. Akanitazama.
"Pikipiki," nikasema. "Na toroli."
Hakucheka. Aliomba kifutio,
akakishika muda mrefu,
akakiweka mezani, katikati yetu.

Mtaa wetu, kule Nzovwe, umeangukia namba tisa.
Mama ameshasikia, sijui kwa nani.
Jioni ameniwekea ugali, maharage, na kimya.
Keshokutwa atakwenda kanisani na gambuti za marehemu baba,
viatu vyake vyeupe ndani ya mfuko,
kama Jumapili zote tangu Novemba.
Ila safari hii atapita mbele ya dirisha langu
taratibu, akichagua tope lenye kina,
ili nipime.