Sauti ya Kati

Wesha palikuwa na jenereta.
Sisi wa Chake tuliisikia kama mtu anavyousikia moyo wake,
yaani hatuisikii mpaka isimame.
Mtoto wa Mnorwei, Toruni, miaka tisa,
magoti yamechubuka kwa michongoma,
ndiye aliyeingia jikoni kwangu akaniuliza:
"Bi Mgeni, ile inaimba nini?"

Nilikuwa nasaga liwa ya biharusi wa Tibirinzi.
Nikamwambia haiimbi, inakula dizeli.
Akafumba mdomo, akaishika noti ile ile,
chini kidogo ya pua, juu kidogo ya kifua,
mmmm,
hata kifuniko cha sufuria kikatetema.
Wallahi kikatetema.

Baba yake ndiye aliyekuja kutulazia waya chini ya bahari.
Siku umeme ulipofika kutoka bara
tulipiga vigelegele, Kombo akanunua friji mbili,
jenereta ikazimwa.
Mtoto akalia kutwa.
Mama yake akadhani homa. Mie nikajua:
wamemfukuza mpiga kinanda wake.

Sasa hunitumia picha za matangazo ya ukutani.
Mwaka wa mwanzo jina lake lilikuwa chini kabisa,
herufi za kuchungulia, jirani na mshona nguo.
Alikuwa kijakazi. Maneno manne usiku mzima:
Bibi, barua yako imekuja.
Kisha husimama na sinia saa mbili, anapumua.
Na kupumua wanakulipa? nikauliza.
Akasema, hapo ndipo kazi ilipo.

Mwaka wa pili, Bergen, jina limepanda mistari miwili.
Mchawi. Halafu mjane. Halafu mvulana mwenye upanga
na suruali ya kubana;
picha ile niliifunika kwa ncha ya kanga,
kisha nikaifunua tena.
Halafu Hamburg. Halafu kanisa moja la Oslo,
okestra nzima nyuma yake,
na yeye na daftari lake tu, hana hata shanga.

Na ubiharusi watakupa lini?
Akacheka kile kicheko chake cha chini.
"Bi Mgeni, sauti yangu ni ya kati.
Biharusi wa opera huimba juu, hupenda, hukohoa, hufa.
Mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya gauni,
na ninayejua barua imetoka kwa nani."

Nikakaa kitako.
Kumbe mwanangu ni somo!
Miaka arubaini nakaa nyuma ya maharusi,
mabinti mia na ushei,
na hakuna picha ya harusi yenye uso wangu:
ni mkono tu, unarekebisha ushungi.
Usiku ule nikatunga ubeti, sikuupeleka kwa mtu:

*Si nyembamba ya zumari, wala si nzito ya ngoma,*
*Ni ya kati, na habari, ndiyo hiyo huisema,*
*Biharusi ana siri, somo ndiye wa kupima,*
*Wengine wakishahama, yeye hufunga mlango.*

Mwezi wa Rajabu akaja, akaimba ukumbi wa skuli.
Mstari wa mbele mafundi wa umeme, na sare zao.
Nyimbo ya tatu, katikati ya neno,
zii.
Giza. Mmoja akacheka: waya wa babake huo!
Fundi mkubwa akainama kutafuta viatu.

Yeye hakunyamaza. Aliishika noti palepale alipoachwa,
peke yake, kama mtu aliyebeba beseni lililojaa.
Nje, mlangoni kwa Kombo, kijenereta cha Kichina
kikakohoa, kikakohoa, kikawaka.
Akakisikia. Akateremka taratibu, nusu hatua,
akatua juu yake.

Bangili zangu zikatetema.
Nikainua mkono gizani, kwa mazoea tu,
nimrekebishe ushungi.
Alikuwa hatua ishirini mbele,
na ushungi hana.