Kiwiliwili

Waliniketisha, taa mbili usoni,
kipaza sauti kikanitambaa chini ya shati
kama mende.
Sema jina. Sema kazi.
Hrant Tashjian. Natengeneza picha, Glendale, juu ya duka la mikate:
nafuta chunusi za maharusi,
nawarudisha marehemu karibu na keki.

Yule bibi alikuja Jumanne, kucha rangi ya maziwa,
akaweka bahasha mezani, na picha ya bintiye:
Coraline, analamba aiskrimu,
mabega ya ndege aliyelowa.
"Mfanye mchezaji wa polo ya majini.
Kocha anajua."
Kocha anajua. Alivyolitamka
ungedhani ni jina la dawa.

Penye udhia penyeza rupia,
na udhia wangu ulikuwa kodi ya miezi miwili.

Nikatafuta mwili.
Mtandaoni ilijaa miili, lakini ina wenyewe.
Kwenye kompyuta yangu palikuwa na mmoja
niliouhesabu kuwa wangu:
Arpine, bwawa la manispaa, alfajiri,
mkono juu, mpira, maji yakimdondoka kwapani.

Nikamkata shingoni.
Sina neno jingine. Hata kitufe chake kimeandikwa hivyo: kata.
Nikapachika kichwa cha aiskrimu,
nikakivika kofia nambari saba,
nikakinyunyizia matone.
Dakika arobaini.
Kuna chunusi zilizonichukua zaidi.

Coraline alipokelewa mwezi Machi.
Arpine, chuo kile kile, aliandikiwa barua ya adabu sana.
Walimshukuru mara tatu.

"Na mwili ni wa nani?" waliniuliza mbele ya kamera.
Nikasema nimesahau.

Filamu tumeitazama pamoja, sofa moja,
bakuli la mbegu za maboga katikati.
Uso wa Coraline wameufunika ukungu, eti sheria.
Mkono hawakuufunika. Mkono nani angeujua?
Kwenye kiwiko, kovu la baiskeli,
miaka tisa alikuwa nayo,
na mimi ndiye niliyeshika kiti
nikakiachia.

Hakusema kitu.
Alipandisha mkono wa sweta,
akatazama kiwiko, akatazama skrini,
kiwiko tena,
kama anayesahihisha hesabu ya mtu mwingine.

Akachukua rimoti. Nikadhani anazima.
Akairudisha nyuma, nyuma zaidi,
mpaka pale ninapotaja jina langu.