Kaniki ya Kwamsisi

Mhina alilishusha mwenyewe kwenye bodaboda,
robota la plastiki, jeusi,
zito kama mtoto wa miaka saba.
"Mama, hii tutaitandika."
"Kitandani?"
"Shambani."
Nilicheka hadi nikakalia gunia la mbegu.

Tulipiga matuta, tukayavika moja moja,
yeye anavuta, mimi nakandamiza kingo
kwa udongo na kisigino.
Kopo la maziwa tulilipasha kwenye makaa,
tukatoboa: ss, ss, ss,
tundu kila hatua ya mtoto.
Harufu ya kuungua ilinikaa kwenye mtandio hadi Ijumaa.
Mbegu tatu. Kidole. Udongo kidogo.

Mwanamvua, wifi yangu,
shamba lake na langu mpaka wake ni mkonge tu,
alisimama na jembe begani:
"Makubwa! Ardhi umeivisha kaniki.
Itajifungua lini?"
Sikumjibu. Robota lile lilikuwa na deni,
elfu themanini za kikoba,
na mwenye deni hana ulimi mrefu.

Mvua ya kwanza ilishuka vizuri,
ikapiga plastiki kama kunde zinazomwagwa kwenye ungo,
ikateleza, ikatafuta matundu, ikaingia.
Ya pili ilikuja nusu.
Halafu basi.

Dalili ya mvua ni mawingu, tunasema;
mwaka ule mawingu yalipita kutusalimia tu,
kama mgeni wa mlangoni asiyevua viatu.
Siku ya tisa. Ya kumi na nne.
Ya ishirini na tatu.
Pamba ya Mwanamvua ikakunja majani
kama viganja vya mtu anayeficha sarafu.

Yangu ilikuwa wima.
Niliinua ukingo kwa kidole:
upande wa chini, matone,
madogo, mengi, yamejipanga kama shanga kiunoni,
jasho la ardhi
ambalo jua halikupata ruhusa ya kulilamba.
Nikaurudisha ukingo taratibu,
kama niliyefungua kwa bahati mbaya
chumba cha watu wawili.

Usiku ule walisikika nguruwe, nikatoka na tochi.
Nilimkuta kwenye tuta langu la mwisho,
amepiga magoti,
mkono umezama hadi kiwiko chini ya plastiki.
Haibi kitu.
Ameushika tu ule ubaridi.
Nikazima tochi,
nikarudi nyumbani kwa njia ndefu.

Nilivuna magunia kumi na moja, yeye mawili.
Kwenye mizani karani alichambua kwa vidole,
akatoa uzi mweusi, mwembamba kama unywele,
akauinua juani:
"Na hii nayo ni pamba?"
Akaandika daraja la pili.
Sikubisha. Uzi ulikuwa wangu.

Kuvua ndiko Mhina hakukueleza.
Jua lilikuwa limeila plastiki,
imekauka kama ganda la kitunguu,
ukivuta, robo inabaki mkononi,
robo inapeperukia kwenye migunga,
iliyobaki inang'ang'ania ardhi.
Mwanamvua alikuja bila kuitwa,
akajifunga khanga kiunoni.
Siku tano tuliinama.
"Kuivisha siku mbili," alisema, "kuivua wiki.
Ndiyo bibi harusi gani huyu?"
Tulicheka, mara ya kwanza tangu masika.
Kisha, bila kuniangalia:
"Robota moja wanauza shilingi ngapi?"

Mwaka huu ni matuta yangu na yake.
Mhina anasema ipo nene zaidi,
inatoka nzima kama ngozi ya nyoka.
Huenda.
Mbuzi wa jirani alikufa akiwa ameshiba;
walipompasua, tulijua ameshiba nini,
na hakuna aliyenitazama usoni.

Nikilima, jembe bado linafukua vipande,
viwili, vitatu kwa tuta.
Navitia kwenye pindo la khanga, nafunga fundo,
palepale ninapofungia hela.